Nimepewa uanagenzi chemba ya amana London, mimi nataka biashara. Nikatae?

Mtarajiwa: Wakuu, naomba ushauri, usingizi sipati. Nimepata uanagenzi wa uwakili wa mahakamani, miezi 12, chemba moja (ofisi ya pamoja ya mawakili) pale Lincoln's Inn, mtaa wa mawakili London. Kazi zao ni amana (mali ambayo mtu anaishika kwa faida ya mwingine), wosia na mirathi. Ndoto yangu ni kesi kubwa za biashara. Kitu kizuri ni kwamba mwezi wa pili tu wa uanagenzi nitakuwa Mahakama Kuu. Nikatae niombe tena mwakani?

KesiNzito: Mkuu, mbona unatenganisha amana na biashara? Soma kesi ya Barclays dhidi ya Quistclose, 1968. Quistclose waliikopesha kampuni ya Rolls Razor zaidi ya pauni 209,000 za kulipa wanahisa gawio tu, na benki yake, Barclays, ilijua. Kampuni ikafa kabla ya kulipa, Barclays wakataka kuzikata kufidia deni lao. Wakakwama: hela zile zilishikwa kwa amana, zikarudi kwa mkopeshaji. Kesi ya benki, imeamuliwa kwa amana. Kwenye ulaghai ndiyo usiseme, hela ikishapita akaunti tano anatafutwa anayejua kufuatilia mali ya amana.

MamaMirathi: Vijana mnadharau wosia. Mjane anayedhulumiwa na mdhamini anayeshika mali yake ya amana anahitaji wakili hodari kuliko mwenye meli.

Daftari: Mtarajiwa, kozi ya uwakili ulimaliza lini?

Mtarajiwa: Hilo halihusiani. Nauliza amana au biashara.

Daftari: Linahusu kuliko yote. Uanagenzi unatakiwa uanze ndani ya miaka mitano tangu umalize kozi. Ukipitiliza, unaiomba Bar Standards Board, bodi inayosimamia mawakili wa mahakamani, ikuongezee muda, na si lazima ikubali. Lini?

Mtarajiwa: Miaka minne na miezi miwili. Lakini maombi si yapo kila mwaka? Na barua pepe ya kukataa nimeshaiandika, bado kutuma tu.

Daftari: Usitume! Ofa za mwakani zitatoka Mei, na chemba nyingi huwapokea wanagenzi vuli ya mwaka unaofuata. Piga hesabu, utakuwa nje ya muda.

Shahidi: Hii chai. Miezi sita ya kwanza mwanagenzi haruhusiwi kumwakilisha mteja. Mwezi wa pili Mahakama Kuu anaenda kama nani?

Mtarajiwa: Nimesema nitakuwepo, sikusema nitazungumza. Nakaa nyuma ya msimamizi wangu, naandika kila swali la jaji.

Shahidi: Basi taja chemba.

Mtarajiwa: Sitaji.

Shahidi: Chai.

KesiNzito: Hiyo ya kukaa nyuma ni sahihi, ndivyo inavyofanyika.

Daftari: Mtarajiwa, kesho wapigie chemba. Uliza utapita kwa wasimamizi wangapi na kama yupo anayefanya ulaghai, ufilisi au migogoro ya wanahisa. Uliza wanagenzi wangapi wamebakizwa miaka ya karibuni, maana miezi 12 ikiisha bila kubakizwa unaanza kutafuta chemba upya. Zungumza na karani wa chemba pia, solisita (mawakili wanaopokea wateja moja kwa moja) wanaleta kesi kupitia kwake.

Mtarajiwa: Yupo mmoja anafanya ufilisi. Nikiomba nianze naye, watanionaje?