Protisi ya Bacillus inatoka vibonge: nimekosea wapi?

Swali: Habari wadau. Nimepata jeni ya protisi ya alkali (kimeng'enya kinachokata protini) kwenye jenomu ya bakteria Bacillus (programu ya Prodigal kutafuta jeni, kisha hmmsearch kwa PF00082, yaani familia ya subtilisini). Nikiizalisha ndani ya bakteria E. coli, 37°C, protini yote inakuwa vibonge visivyoyeyuka. Tatizo ni joto?

Jibu: Joto ni sehemu tu. Jeni umeikata kuanzia wapi? Subtilisini, kundi la protisi yako, huanza na kipande cha ishara (kinachoipeleka protini nje ya seli), kisha propeptidi (kipande kinachokatwa baadaye) ya asidi amino kama 77, na hiyo ndiyo inayoikunja protini. Ondoa ishara pekee, propeptidi ibaki.

Jibu: Naam. Halafu zalisha kwa 18°C, IPTG (kemikali ya kuwasha jeni) milimola 0.1 kwa lita, usiku kucha. Afadhali zaidi uhamie Bacillus subtilis WB800, aina ya bakteria iliyoondolewa protisi 8 inazotoa nje ya seli. Huko bakiza ishara.

Jibu: Kwanza hakiki asidi amino Asp, His na Ser za kiini tendaji (sehemu ya kimeng'enya inayokata) zipo zote tatu.