84 ya Novemba Minnesota imekataliwa, 98 ya Dallas eti niposti?

gofu_baridi
Wakuu salaam. Niko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwaka wa sita sasa, gofu nimeanza miaka mitatu iliyopita na handikapu yangu (namba ya mapigo ya nyongeza unayopewa, ukiboreka inashuka) ni 16.2. Tarehe 3 Novemba tukapata siku ya jua, tukatoka watu watatu, nikapiga 84 (kwenye gofu mapigo machache ndiyo mazuri). Sijawahi kupiga 84 tangu nizaliwe, pale shimo la 18 nilishika pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, mikono inatetemeka. Narudi kwenye gari naingiza skoa kwenye app ya handikapu (ndiyo kuposti), inaniambia uwanja uko nje ya msimu, haipokei. Niliumia sana jamani. Halafu wiki ya Thanksgiving, ile sikukuu ya mwisho wa Novemba, nikaenda kwa shemeji Dallas tukacheza, uwanja siujui, upepo ule wa Texas, nikatoka na 98. Hiyo sikuposti kwa sababu nilijua msimu wangu ushafungwa. Jana mwenzangu wa klabu ananiambia nimekosea, ya Dallas ilitakiwa iingie siku ileile. Sasa inakuwaje nzuri inakataliwa na mbaya inatakiwa? Nielewesheni maana naona kama naonewa.

Babu_Grini
Pole kaka, 84 ya kwanza haisahauliki na hakuna atakayekunyang'anya. Ila mwenzako kasema kweli. Msimu haukufuati wewe, unafuata uwanja uliochezea. Minnesota wanafungua 1 Aprili wanafunga 31 Oktoba, nje ya hapo ukicheza kule hata upige 70 haiingii. Texas na Florida hawafungi mwaka mzima, kwa hiyo ukicheza Dallas hata Januari ni halali na unatakiwa kuposti kabla ya saa sita usiku siku hiyo, haijalishi klabu yako iko chini ya theluji.

Na sababu ipo. Retingi na slopu ya uwanja (namba mbili za kuonyesha ugumu wake) hupimwa kwa hali ya kawaida ya katikati ya msimu, nyasi zimeota vizuri, mpira ukitua unaviringika inavyotakiwa. Novemba kule asubuhi ardhi imeganda, mpira unadunda kama umeangukia lami unapata yadi 30 za bure, saa nane imeyeyuka ule ule unazama tope. Mahali pengine wameshafunika grini (nyasi fupi zenye shimo) wamekuchimbia shimo kwenye feawe (njia ya nyasi ya kuelekea huko). Sasa 84 ya hapo unailinganishaje na 84 ya Julai?

Halafu usiiogope hiyo 98. Tuseme retingi ya pale ni 71.4 na slopu 128. Toa 71.4 kwenye 98 inabaki 26.6, zidisha kwa 113 (slopu ya uwanja wa kawaida) gawa kwa 128, unapata 23.5. Handikapu inachukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, hiyo 23.5 haitaingia hata kwenye hizo 8. (Na kabla ya kuposti angalia shimo lolote ulilozidisha dabo bogi neti, yaani mapigo mawili juu ya kiwango cha shimo pamoja na nyongeza zako za handikapu, unakata hapo.)

DadaGongo
Babu kaeleza vizuri ila hapo mwisho naongeza kitu maana watu wengi wanakosea. Raundi mbaya isipoingia kwenye 8 bora haimaanishi haina kazi. Inaingia kwenye zile 20, na ikiingia inaisukuma nje ile ya zamani kuliko zote. Kama ile iliyotoka ilikuwa moja ya nzuri zako, handikapu inapanda. Kwa hiyo ukificha ya Dallas picha yako si ya kweli, ukiongeza ambayo haikutakiwa ndo hivyohivyo.

Mimi niko kwenye kamati ya handikapu ya klabu yetu huku kaskazini na hili linaniuma. Kuna mwanachama alikuwa anakaa Florida kuanzia Desemba mpaka Machi, anacheza mara tatu kwa wiki, anapiga vizuri, haposti hata moja. Aprili anarudi na handikapu ya mwaka jana anatubebea zawadi za mashindano yote ya mwanzo. Kina mama waliokuwa wamefanya mazoezi ya kweli walikuwa wanatoka pale wanyonge. Tulipogundua tulimuwekea skoa za adhabu, kanuni inaruhusu. Wewe umesahau tu, posti sasa hivi na tarehe ya siku uliyocheza, mfumo wenyewe utaipanga mahali pake. Lakini ulicheza na mtu? Kwa Marekani ukicheza peke yako haiingii hata Julai.

kedi_wa_zamani
Huku Nairobi hatujui kufunga msimu, sisi ni mwaka mzima. Ila msidhani ni rahisi, njooni Aprili masika yamekolea. Mpira unatua feawe hauonekani, unainama unaufukua na kidole, umevaa tope kama mandazi yaliyochovywa. Klabu inatoa ruhusa ya kuokota, kupangusa na kuweka, na skoa bado inapostiwa. Hapo ndo utajua handikapu yako ni ya nani. Kaka gofu_baridi ukija likizo Desemba ukacheza huku, chukua kadi ya uwanja urudi nayo, retingi na slopu zimeandikwa, unaziingiza mwenyewe kwenye app. Msiseme mlikuwa nyumbani kwa hiyo haihesabiki.

gofu_baridi
Nimecheza na shemeji na jirani yake, kwa hiyo niko salama hapo dada. Nimeposti jana usiku, imetoka 16.2 mpaka 16.5, kumbe ile ya zamani iliyosukumwa ilikuwa nzuri kweli. Sina kinyongo tena na hii kitu, nilidhani wananikomoa. Kadi ya 84 nimeibandika kwenye friji mke wangu anaipita kila asubuhi. Swali la mwisho, kuna ukumbi wa simyuleta (gofu ya ndani, unapiga mpira kwenye skrini) karibu na kazini, nimelipia mpaka Machi, nikicheza mashimo 18 ya uwanja wa Arizona pale ndani inaingia?

Babu_Grini
Simyuleta haiingii popote, hata mwezi wowote. Fanyia mazoezi ya pata na wedji (fimbo ya mipira mifupi ya juu), 1 Aprili utatushukuru.

DadaGongo
Na ukirudi Dallas Krismasi, skoa iingie kabla hujavua viatu.