Tupeane uzoefu: ngozi ikivimba na kupata joto, ulifanya nini kabla ya kumwona daktari?

Ndugu zangu, naomba tuelezane tulivyofanya tangu ngozi ilipoanza kuvimba na kuuma hadi tulipofika kwa daktari. Naanza mimi, mwanika dagaa wa Kibirizi, Kigoma. Mume wangu alichomwa na mwiba wa samaki aitwaye sangala juu ya kifundo cha mguu, na kesho yake jioni mguu ukavimba. Kwenye ngozi zetu nyeusi ule wekundu unaotajwa sana hauonekani kirahisi. Tulichoona ni ngozi kukolea weusi, kukaza na kung'aa. Nilipopitisha mgongo wa kiganja kutoka gotini kushuka chini, nilifika mahali ambapo joto lilianza ghafla, nikachora mstari hapo kwa kalamu ya wino na kuandika saa pembeni. Alfajiri joto lilikuwa limeshauvuka mstari, tukaondoka papo hapo. Daktari aliusoma ule mstari kabla hajauliza lolote.

Mama wa Ujiji
Pole kwa shemeji, dada. Mwanangu alijikuna alipoumwa na mbu hadi pakawa kidonda, kisha akapata mtoki. Mama mkwe alishauri tupake mawese ya moto, nami nikamwomba kwa heshima tungoje, kwa kuwa mafuta ya moto yangemuunguza mtoto bila kuua vijidudu vilivyokwisha kuingia ndani ya ngozi. Nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, nikakifunika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, nikauinua mguu juu ya mto. Usaha ulionekana, lakini sikuukamua, maana kukamua huweza kuusukuma ndani zaidi.

Mwana wa Urambo, Tabora
Baba yangu ana kisukari, na kwa mgonjwa wa namna hiyo sioni sababu ya kungoja hata usiku mmoja, kwani nyayo zake zimepoteza hisia na maumivu hayaonyeshi tena ukubwa wa tatizo. Nyumbani palikuwa na vidonge vya amoksilini vilivyobaki, na ndugu walitaka aanze navyo. Nilikataa: dozi pungufu huenda isiviue vijidudu vyenyewe, ikatuliza dalili kidogo tu na kumchelewesha kufika hospitali. Asali yetu nayo naithamini sana, ila ile inayotumika hospitalini kwa vidonda husafishwa kwanza kwa njia maalumu.

Muuguzi, Kasulu
Ahsanteni. Niongeze yale yasiyongoja kupambazuka: homa na kutetemeka, maumivu makali kuliko kinachoonekana kwa macho, malengelenge au ngozi kugeuka rangi ya zambarau, uvimbe karibu na jicho, na mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa. Jeraha likiwa la mwiba au msumari, ulizieni pia chanjo ya pepopunda. Mtajieni daktari dawa yoyote mliyokwisha kutumia, hata ya kienyeji, na dawa iliyowahi kumletea mgonjwa mzio. Mstari wa dada wa Kibirizi usifutwe hata baada ya dawa kuanza. Uvimbe unaweza kuuvuka kidogo mwanzoni kabla ya kurudi nyuma, lakini siku 2 au 3 zikipita bila nafuu, mgonjwa arudishwe, na akizidiwa kabla ya hapo asingoje siku hizo ziishe.