Uchaguzi wa chama orofa ya pili: nani wa kuulizwa kisheria?

Mwanachama, mtaa wa Umoja, Nairobi
Jumamosi tawi letu la chama cha siasa lilichagua wajumbe wa wadi. Ukumbi uko orofa ya pili, ngazi tupu, hakuna lifti. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Vijana wawili walitaka kunibeba, nikakataa. Nimewahi kuangushwa ngazini, na hata kama nisingeanguka, sitaki kubebwa mikononi mwa watu ndipo nipige kura. Nikabaki chini kando ya mama wa mahindi, nasikia makofi juu. Baadaye kijana akashuka na daftari la mahudhurio: “Weka sahihi hapa, wajumbe tumeshapata.” Sikuweka.

Mwenyekiti ananiambia nikamuulize mwenye jengo. Mimi nasema wa kuulizwa ni chama, kwa sababu chama ndicho kilichochagua ukumbi. Leteni maoni.

Katibu wa tawi (chama kingine), Kayole
Pole sana dada. Lakini hata sisi tusikilizwe. Tawi langu halina ofisi. Ukumbi tunaazimwa na mwanachama, bure. Vyama vingi havipati hata shilingi kutoka Hazina ya Vyama vya Siasa, zile pesa za serikali kwa vyama. Ukitushtaki tutalipa na nini? Na Katiba ya Kenya yenyewe inasema mambo haya yatatekelezwa hatua kwa hatua.

Mwanafunzi wa sheria, Parklands
Katibu, kwa heshima, kisome tena kifungu cha 54. Maneno “hatua kwa hatua” yako kwenye ibara ndogo ya pili, inayohusu asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa iko kwenye ibara ndogo ya kwanza, na haikufungwa na maneno hayo. Kifungu cha 38 kinampa raia haki ya kushiriki shughuli za chama, si kubeba kadi tu. Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayoorodhesha haki za watu, inawabana watu wote, na kwa tafsiri ya kifungu cha 260 “mtu” ni pamoja na chama. Kwa hiyo tawi haliwezi kusema hiyo ni kazi ya serikali.

Mwenye jengo naye ana lake la kujibu, sikatai. Lakini yeye hakumwalika dada huyu mkutanoni.

Baba wa kijana kiziwi, Dandora
Msiishie kwenye ngazi. Kijana wangu huingia ukumbini bila shida, anakaa mbele kabisa, anatoka bila kuelewa neno. Mkalimani wa lugha ya ishara hajawahi kuwepo hata siku moja. Ukiuliza, unaambiwa “si amehudhuria?” Gari la vipaza sauti halikosi pesa.

Katibu wa tawi, Kayole
Mzee, hilo la mkalimani limenigusa, sina jibu. Lakini kwa ukumbi bado nasema: tukikaa nje, mvua inanyesha na polisi wanatuuliza barua.

Mwanachama, Umoja
Barua ya polisi mnaijua, mnaiandika siku 3 kabla. Siku hizo hizo zinatosha kuuliza mwanachama gani hawezi kupanda ngazi. Nyuma ya jengo lile kuna shule, madarasa yake yako chini, na Jumamosi hayana watu. Hapo hapahitajiki pesa ya Hazina. Kwa vyama vinavyoipata, sheria inataka angalau asilimia 30 iende kuinua uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizotengwa. Na chama kikitaka usajili kamili lazima kionyeshe kuwa wanachama wake ni pamoja na makundi yaliyotengwa. Jina langu linahitajika kwenye orodha hiyo ya wanachama. Ndiyo maana lile daftari lililetwa chini kwangu, na kura haikuletwa.

Mwanafunzi wa sheria, Parklands
Dada, kabla ya kwenda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, anza ndani ya chama, kwa maandishi. Tangu marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Vyama vya Siasa utaulizwa ushahidi kwamba ulijaribu.

Mwanachama, Umoja
Barua nimeipeleka leo asubuhi, nakala yangu imegongwa muhuri. Nimeomba mambo mawili: uchaguzi urudiwe katika shule ile, na mkalimani awepo. Hilo la pili nimeliongeza baada ya kumsoma mzee wa Dandora.