Walimu wa Kiingereza, mnawakaririsha watoto wetu fomula za kubadili sentensi mpaka maana inapotea!

Wakuu, hili nimeshindwa kulinyamazia.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule siitaji. Kaleta daftari la Kiingereza limejaa wino mwekundu. Walipewa "If you do not work hard, you will fail", waiandike upya waanze na "Unless". Mtoto kaandika: "Unless you work hard, you will fail." Kapigwa kosa! Pembeni mwalimu kasahihisha kwa mkono wake mwenyewe: "Unless you do not work hard, you will fail."

Isomeni tena taratibu. Hiyo inamwambia mtoto akijituma atafeli, na cha kumwokoa ni uvivu. "Unless" tayari ina ukanushi ndani yake. Ukiongeza "do not" umekanusha mara mbili na maana imepinduka.

Nikamfuata mwalimu kwa heshima zote. Akanitolea kabrasha la fotokopi: toa "if", weka "unless", kwingine usiguse. Nikamuuliza, sasa hiyo sentensi ina maana gani? Akasema kwenye mtihani hawaulizwi maana.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Kubadili sentensi ni kusema jambo lile lile kwa umbo jingine, sasa usipojua maana utajuaje kama umepatia? Na haya maswali si ya mchezo. Yapo kwenye mtihani wa kidato cha nne hapa Tanzania, na wenzetu Kenya wanayo kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari.

Ugonjwa ni huo huo kwenye "too". "The box is so heavy that I cannot lift it" inakuwa "The box is too heavy for me to lift." Ile "cannot" imeondoka kwa sababu "too" imeshasema kwamba haiwezekani, na "it" nayo inaondoka. Ni maelezo ya dakika mbili ubaoni! Badala yake watoto wanapewa mishale na mabano, wanaishia kuandika "too heavy that I cannot lift it".

Aina za sentensi nazo wanakariri majina tu. Somo la Kiswahili limeshawafundisha sahili, ambatano na changamano, kwa nini msianzie hapo? "He was sick, but he came" ni ambatano. "Although he was sick, he came" ni changamano. "In spite of his sickness, he came" ni sahili. Habari ni moja, maumbo matatu. Halafu mwambieni mtoto ukweli kwamba sisi tunasema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", ndiyo maana anaandika "Although... but...", na Kiingereza hakikubali viunganishi hivyo viwili pamoja. Akijua kosa linatokea wapi atalikwepa mwenyewe. Kumchapa hakumfundishi kitu.

Kauli ya kutendwa ndiyo usiseme. Nimekuta "The old man was died" kwenye daftari hilo hilo, na imepewa vema! Mtoto yeyote anajua "mpishi kakata vitunguu" inageuka "vitunguu vimekatwa na mpishi", kwa kuwa kuna kitu kilichokatwa. Kwenye "The old man died" hakuna aliyetendwa, kwa hiyo hakuna cha kugeuza. Mwalimu mzima anawapa watoto sentensi isiyobadilika na kuwaambia waibadilishe!

Najua madarasa yamejaa na walimu wanasahihisha mpaka usiku. Hilo nalielewa. Ila kumkosesha mtoto aliyepatia sikubali, maana kesho ataacha kile anachokijua na kufuata kosa ili apate alama.

Daftari nimeliacha kwa mkuu wa shule. Nataka alama za mwanangu zirudi, na darasa lote lisahihishiwe ubaoni, si yeye peke yake. Nanyi wenye watoto sekondari, fungueni madaftari yao leo mtazame hiyo "unless" imesahihishwaje, kisha mlete majibu hapa.