Vipande vya tumbawe moja vitaungana kweli?

Wadau, nilikata tumbawe langu la kwenye tangi vipande vitano, nikavibandika kwa gundi juu ya jiwe moja, sentimita 2 kutoka kimoja hadi kingine. Wiki ya 6 sasa, ngozi inatambaa juu ya gundi, ukingo mweupe. Viwili vimegusana, na pana mstari katikati. Vinapigana?

— Vimetoka kwa mama mmoja? Basi vinatambuana, vitaungana. Ukichanganya na tumbawe la mama mwingine ndipo vitachomana.

— Ukingo mweupe ndio unaokua, usiuguse! Kalsiamu na ualkali (uwezo wa maji kuzuia asidi) visiyumbe kwenye maji, mifupa hujengwa kwa hivyo.

— Asanteni mno. Leo nimechungulia kwa kioo cha kukuzia: vidomo (midomo midogo ya tumbawe) vinachipuka juu ya mstari ule ule!