Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora chati): chati tatu juu kwa juu, nimeficha lebo za moja zikapotea zote

mkunazini_data
Hamjambo wenzangu. Nina chati tatu za bandari ya Kilindini, Mombasa, zilizopangwa juu kwa juu: kina cha maji (mita), kasi ya upepo na kanieneo ya hewa (hPa). Ya pili na ya tatu nimeziunda kwa `fig.add_subplot(..., sharex=ax1)`. Nataka saa zionekane kwenye ya chini tu, lakini nikiandika `ax1.set_xticklabels([])` zinafutika zote tatu. Halafu majina ya mihimili ya wima hayajalingana, moja liko ndani, jingine nje.

fundi_wa_grafu
Chati zinazoshiriki mhimili hushiriki pia locator (inayochagua alama zikae wapi) na formatter (inayoandika lebo zake). `set_xticklabels` hubadilisha hiyo formatter yenyewe, ndiyo maana zote hupofuka. Futa huo mstari, uunde figa upya, kisha:

`for ax in (ax1, ax2, ax3): ax.label_outer()`

Hii hugusa uonekanaji tu. Ukitaka moja pekee, `ax1.tick_params(labelbottom=False)`. Ungeanza na `plt.subplots(3, 1, sharex=True)`, lebo za ndani zingefichwa zenyewe; `add_subplot` haifanyi hivyo.

Majina ya wima: `fig.align_ylabels([ax1, ax2, ax3])`. Yanapishana kwa sababu "1012" ni pana kuliko "4".

bintimtongwe
Naongezea. Ukizibana chati kwa `fig.subplots_adjust(hspace=0)`, namba ya chini ya chati moja itagongana na ya juu ya inayofuata. Dawa ni kuondoa namba za mwisho za juu na chini:

`ax.yaxis.set_major_locator(MaxNLocator(nbins=5, prune='both'))`

Kila mhimili uundiwe `MaxNLocator` yake, msitumie kitu kimoja kwa yote. Na `tight_layout()` ikiitwa baadaye itarudisha nafasi, kwa hivyo `subplots_adjust` iwe ya mwisho.

mkunazini_data
Shukran sana, zimekaa sawa. Swali dogo: data ni ya UTC (saa ya kimataifa), na wasomaji ni wavuvi. Kujaa na kupwa kwa bamvua wanakusoma kwa saa ya Kiswahili. Yawezekana?

fundi_wa_grafu
Yawezekana, na ni vyema ufanye hivyo, chati isimlazimishe mvuvi kupiga hesabu. Juu kabisa, kabla ya kuchora:

`plt.rcParams['timezone'] = 'Africa/Nairobi'`

Kisha (`mdates` ni `matplotlib.dates`):

`def saa(x, pos): return str((mdates.num2date(x).hour - 6) % 12 or 12)`
`ax3.xaxis.set_major_locator(mdates.HourLocator(byhour=range(0, 24, 3)))`
`ax3.xaxis.set_major_formatter(FuncFormatter(saa))`

Saa 09:00 itaandikwa 3, saa 18:00 itaandikwa 12. Weka kwenye `ax3` tu, nyingine zitafuata kwa sababu ile ile iliyokusumbua mwanzo. Lakini 3 ya asubuhi na 3 ya usiku zinafanana, kwa hivyo tia kivuli cha usiku kwa `axvspan` kwenye kila chati, hicho hakishirikiwi.